Dubai ina mchanga, Kalemie ina ziwa: siku ya kutembea ni ya nani?

Kila mara mfanyabiashara wa Kalemie anapofika Dubai kununua mali, mtaa mzima unasafiri pamoja naye kwenye simu. Asubuhi anatuma picha akiwa ndani ya mashua ya mbao. Saa sita yuko chini ya jengo refu kuliko yote duniani. Jioni gari linaruka juu ya vilima vya mchanga, na usiku kuna sinia ya wali na nyama, tende na kahawa yenye iliki. Huku nyumbani watu wanaangalia, wanapitishiana simu, na lazima mmoja aseme: «Mungu amewapa wale mchanga tu, ona walivyofanya. Sisi ametupa ziwa, na tunafanya nini?»

Swali hilo linaulizwa kwa kucheka, lakini linastahili jibu. Linawahusu wenye maduka ya barabara ya Lumumba, wavuvi, wamama wauza samaki, na pia familia za wahamaji zilizo katika kambi za Katanika na Kalunga, ambazo nyingi zimeishi karibu na ziwa kwa miaka bila hata siku moja ya kuketi mbele yake kwa utulivu.

Siku moja katika mji wa jangwa

Kwanza iangaliwe hiyo siku ya Dubai inavyokwenda, maana picha za simu zinaonyesha nusu yake tu.

Mgeni anaanza kwenye mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji. Upande mmoja ni Deira, penye soko la dhahabu na soko la viungo, ndipo wafanyabiashara wengi wa Afrika wanaponunua. Upande wa pili ni Bur Dubai, penye nyumba za zamani zenye minara ya kuvuta upepo, na ngome ya Al Fahidi iliyojengwa mwaka 1787. Kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kwa mashua ya mbao inayoitwa abra. Kwa miaka mingi nauli imekuwa dirhamu moja. Mfanyakazi wa ujenzi na tajiri wanaketi kwenye ubao mmoja.

Kutoka hapo mgeni anapanda treni ya mjini, iliyoanza mwaka 2009, anaenda kuona Burj Khalifa, jengo la mita 828 lililofunguliwa mwezi wa kwanza mwaka 2010. Mchana anakula kwa Mpakistani au Mhindi, wali wa biriani au mkate wa moto na kari, kwa bei ndogo. Alasiri ndiyo safari ya jangwani.

Mji huo haukuwa tajiri siku zote. Zamani uliishi kwa lulu za baharini, na biashara ya lulu ilipoanguka katika miaka ya 1930, watu walilala njaa. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966. Lakini kabla ya mafuta, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakubwa wa mji walikuwa wamekwisha kukopa pesa na kuchimba ule mkono wa bahari uliokuwa unajaa mchanga, ili mashua kubwa ziingie. Walianza na maji waliyokuwa nayo. Mwaka 2023 Dubai ilipokea wageni milioni 17 na zaidi kutoka nje waliolala angalau usiku mmoja.

Picha za simu pia zinaficha kitu. Majengo yale yamejengwa kwa mikono ya watu kutoka India, Pakistan, Bangladesh na Nepal, na leo vijana wengi wa Kenya na Uganda wanafanya kazi huko ya ulinzi, ya udereva na ya nyumbani. Joto la kiangazi ni kali hivi kwamba sheria inakataza kazi ya juani mchana kuanzia katikati ya mwezi wa sita hadi katikati ya mwezi wa tisa. Maji ya kunywa kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mashine na kwa pesa nyingi. Kwa hiyo anayesema Kalemie iwe Dubai hajui anachoomba. Mnara wa mita 828 hauwezi kuponya mji ambao umeme wake unakatika.

Kinachoweza kuigwa ni kidogo zaidi na ni rahisi zaidi. Mgeni wa Dubai anajua aanzie wapi, anajua bei, anapata choo, anapata mtu au kibao cha kumwambia hapa palitokea nini, na hakuna anayemsumbua akitoa simu apige picha. Hayo matano ndiyo yanayofanya siku yake iwe tamu. Hakuna hata moja linalohitaji mafuta ya petroli.

Siku moja Kalemie

Sasa ije siku ya Kalemie. Mji huu uko upande wa magharibi wa ziwa, kwa hiyo jua lake linachomoza majini. Anayeamka mapema akashuka pwani anaona mitumbwi ikirudi na ndakala na mikebuka, wamama wakingoja na mabeseni, sauti zikipanda juu ya bei. Ziwa lenyewe ni refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, karibu kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Watu wanalipa tiketi za ndege kwenda kuona vitu vidogo kuliko hivyo.

Kutoka pwani, mwendo ni hadi kwenye mto Lukuga. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo uko hapa: Lukuga inayachukua hadi Lualaba, na Lualaba inayapeleka hadi bahari ya Atlantiki. Mwingereza Cameron alifika kwenye mto huu mwaka 1874, wakati Wazungu walikuwa bado wanabishana kama ziwa lina njia ya kutokea au halina. Wavuvi wa hapa hawakuwa na ubishi huo.

Baadaye kuna bandari na kituo cha reli. Reli kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Na mwaka huohuo kilitokea kisa ambacho kule Ulaya kimeandikiwa vitabu, lakini hapa mtoto wa shule anaweza kumaliza masomo bila kukisikia. Wajerumani walikuwa wanatawala ziwa kwa meli zao. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, halafu zikavutwa porini na milimani kwa ng'ombe, kwa mashine za mvuke na kwa nguvu za watu, zikapandishwa tena treni hadi Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, na mwisho reli ikazifikisha hapa. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 1916 Waingereza waliizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, walizamisha wenyewe isitekwe. Iliinuliwa baadaye, ndiyo Liemba inayojulikana Kigoma mpaka leo.

Vitabu vinataja jina la kamanda Mwingereza na majina ya maofisa wake. Waafrika waliokata miti, waliojenga madaraja na kuvuta kamba wanatajwa kwa jumla tu. Kibao kimoja penye bandari kingetosha kuanza kuwakumbuka.

Kuna pia kumbukumbu nzito zaidi. Kaskazini ya mji ni Mtoa, mahali ambapo mitumbwi kutoka Ujiji ilifikia zamani za misafara ya pembe na ya watumwa. Mji wenyewe ulizaliwa kutokana na boma alilolijenga kapteni Mbelgiji Jacques, mwishoni mwa mwaka 1891, akisema amekuja kupigana na biashara hiyo. Ukaitwa Albertville, na utawala uliofuata nao ukaleta kazi zake za nguvu. Hayo yote yanaweza kuelezwa ndani ya saa mbili za kutembea kwa miguu, pamoja na nyumba za zamani za barabara ya Lumumba na kuta za kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho wazee bado wanakitaja kwa uchungu.

Saa ya kula hakuna haja ya kutafuta mbali. Mikebuka ya kuchoma na ndimu na pilipili, bukari ya muhogo au ya mahindi, sombe iliyopikwa kwa mawese, lenga-lenga, ndakala kavu za kukaanga kwa anayependa. Mwenye bahati anapata kuhe, na hapo hata wanaobishana juu ya siasa wananyamaza. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wanawasha taa zao ziwani, na anayeketi pwani anaona kama mji wa pili umewashwa juu ya maji. Jangwani hakuna taa kama hizo.

Kinachoharibu siku hiyo

Basi siku ipo. Kasoro ni kwamba hakuna anayeitunza.

Pwani ambapo mtumbwi unashusha samaki ndipo chupa za plastiki zinapotupwa, na mahali pengi hakuna choo. Hilo si jambo la aibu mbele ya wageni tu. Kalemie inajulikana kuwa moja ya sehemu ambamo kolera hairudi nyuma kabisa, na watu wengi wanachota maji ya ziwa kwa kunywa. Choo cha pwani kinachompendeza mgeni ndicho kinachookoa mtoto wa mkaaji. Mwenye kufikiri kwamba usafi wa pwani ni mapambo, aulize wauguzi.

Kuna pia kuta. Katika miji mingi ya maziwa makuu, kiwanja kinauzwa, ukuta unapanda, na njia ya zamani ya kwenda majini inafungwa. Kalemie bado ina nafasi ya kuchagua. Maji yenyewe yametoa onyo: miaka ya 2020, 2021 na 2024 ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za watu. Pwani iliyoachwa wazi inaweza kupokea maji na kuyarudisha. Pwani iliyojaa nyumba inalia kila mara.

Tena anayepiga picha karibu na bandari au kituo anaweza kuulizwa maswali mpaka hamu ya kutembea imwishe. Mji unaotaka wageni lazima uandike wazi mahali gani picha zinakatazwa, na mahali pengine pote watu waachwe kwa amani.

Halafu kuna swali la wageni wenyewe. Kwa miaka mingi meza za pwani zilizoea watu wa MONUSCO na wa mashirika. MONUSCO iliondoka Tanganyika katikati ya mwaka 2022. Biashara inayomngoja mgeni mwenye gari jeupe peke yake inakufa siku gari hilo linapoondoka. Mteja wa kudumu wa Kalemie ni mtu wa Kalemie: mwalimu na mke wake siku ya Jumapili, fundi aliyelipwa, vijana wa kwaya, mtu wa Nyunzu aliyeleta mahindi na anangoja usafiri wa kurudi.

Wahamaji nao wana siku?

Hapa wengine watakasirika. Watasema: katika jimbo ambalo vita kati ya Watwa na Waluba ya mwaka 2016 na 2017 ilitoa zaidi ya nusu milioni ya watu majumbani mwao, katika mji uliopokea mwaka 2025 familia zilizokimbia Uvira na Fizi kwa boti, nani ana moyo wa kuzungumza juu ya kutembea na kula samaki? Kwanza chakula, kwanza hema, kwanza usalama.

Neno hilo lina haki yake. Hakuna kibao cha historia kinachoshibisha. Lakini atazamwe mama wa kambi anayetembea asubuhi hadi mjini na mzigo wa kuni au wa makala ya kupikia kichwani. Anauza, ananunua unga, anarudi. Kila meza inayofunguliwa pwani inanunua makala yake. Inanunua pia muhogo, mboga, pilipili, na kazi ya kijana wa kuosha vyombo. Sahani moja ya mikebuka imepita kwa mvuvi, kwa mbebaji, kwa muuzaji, kwa mpishi na kwa motari aliyemleta mteja. Posho ya msaada ikikatwa, kama inavyokatwa mara kwa mara, njia hiyo ya pesa ndogo ndogo inabaki.

Na wavuvi nao wanaihitaji. Nchi nne za ziwa, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, kutoka katikati ya mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa nane, ili samaki wazae. Miezi hiyo ni ya njaa kwa mwenye nyavu. Lakini ni miezi ya kiangazi, mvua hakuna, barabara zinapitika. Boti iliyolala ingeweza kupeleka watu kuona mdomo wa Lukuga na kurudi, kwa nauli moja inayojulikana, na kila abiria akiwa na jaketi ya kuokolea. Bila jaketi, isiondoke. Ziwa hili limechukua watu wa kutosha.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya pesa hailigusi. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 2017 sasa anajua kusoma, kama amepata shule. Ziwa analijua kama mahali pa kujaza bidoni. Mji anaujua kama mahali ambapo mama yake anafukuzwa mbele ya duka. Hakuna aliyempeleka mahali reli inapoishia akamwambia: njia hii inakwenda Kabalo, na kutoka Kabalo inafika mpaka kwa babu zako. Mtoto wa namna hiyo anakua akiwa mgeni katika jimbo lake mwenyewe. Mtoto wa Mtwa na mtoto wa Mluba wakipelekwa siku moja pamoja kuona boti, kusikia kisa cha Mimi na Toutou, kula ndakala kwenye sahani moja, vita haijaisha kwa sababu hiyo. Lakini wamepata kitu cha kukumbuka pamoja ambacho si moto wa nyumba.

Mambo machache, ya bei ndogo

Wakubwa wa jimbo na wa mji wakitaka, wanaweza kuanza bila kungoja mfadhili. Vibao vinne au vitano vya chuma au vya saruji, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, vikisimamishwa bandarini, kituoni, kwenye mto Lukuga na pwani, vikiandikwa na walimu wa historia wa hapa. Sehemu ya pwani itangazwe kuwa ya wote, ipimwe, iandikishwe, na asiweko wa kuiuza. Vyoo na mapipa ya taka yawe mikononi mwa vyama vya wamama wauza samaki, nao wabakize sehemu ya pesa. Nauli za boti zibandikwe. Na kila shule ipewe siku moja kwa mwaka ya kutembea mjini, shule za kambini zikiwa za kwanza.

Lazima isemwe pia kisichotakiwa. Ikiwa siku moja tajiri atakuja na mpango wa hoteli, na jambo la kwanza katika mpango huo likawa kuwaondoa wavuvi, wauza samaki na wahamaji ili mgeni asiwaone, huo mpango ukataliwe. Mgeni anakuja kwa sababu ya samaki, na samaki wana wenyewe. Hata Dubai yenye minara yake imeiacha mashua ya dirhamu moja ifanye kazi katikati ya mji, na wengi waliorudi kutoka huko wanasimulia juu ya mashua hiyo kabla ya kusimulia juu ya jengo.

Mfanyabiashara akirudi Kalemie na mabegi yake, watoto wa mtaa watamzunguka waone picha za jangwa. Hiyo ni vizuri, macho hayana pasipoti. Lakini kesho yake alfajiri, kabla jua halijatoka majini, wapo watoto wa Katanika watakaopita pwani na bidoni mikononi. Siku ambayo mmoja wao ataweka bidoni chini, aketi, ale samaki wa moto, na mtu amweleze maji yale yanakwenda wapi, ndiyo siku Kalemie itakuwa imeanza kuwa mji wa kutembelewa.